Kifungu cha 27 na bei yake kwa umma

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya Kenya, ambayo Rais Uhuru Kenyatta aliitia saini tarehe 16 Mei 2018, ina kifungu cha 27 kinachohusu unyanyasaji mtandaoni. Kifungu hicho kinamfanya mtu kuwa mhalifu iwapo atawasiliana kwa kukusudia na mtu mwingine, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, au na yeyote anayefahamika kwa huyo mwingine, huku akijua au akipaswa kujua kwamba mwenendo wake unaweza kumtia mhusika hofu ya kudhuriwa mwili au kuharibiwa mali, au unamwathiri vibaya, au una uchafu au maudhi ya kupita kiasi yanayomgusa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mtu anayetishia kuua hupewa na Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 223, miaka 10 hiyohiyo.

Unyanyasaji mtandaoni upo, na unaumiza watu. Mwanamke anayeandamwa kwa ujumbe usiku kucha na mtu aliyeachana naye, mwanafunzi ambaye picha zake za faragha zinazungushwa katika makundi ya WhatsApp ya chuo, mwandishi wa habari anayetajiwa mtaa anaoishi na saa anayorudi nyumbani, wote hao wana haki ya kuitazamia dola iwakinge, na makala haya hayapingi ulinzi huo hata kidogo. Yanafafanua jambo ambalo mjadala wetu huliruka: kwamba kosa la jinai lililoandikwa kwa upana lina gharama, kwamba anayeilipa si mnyanyasaji bali umma, na kwamba sehemu kubwa ya gharama hiyo inawaangukia walewale ambao sheria ilitungwa kwa jina lao.

Kwanza yapo mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe. Kuzungumza na mtu ni jambo moja, na kumzungumzia ni jingine. Sheria za unyanyasaji katika nchi nyingi zilianza kwa kushughulikia lile la kwanza: mtu anampigia mwenzake simu usiku kucha, anamfuata kazini, anamwandikia barua baada ya kukatazwa, na yule anayefanyiwa hana pa kukimbilia kwa sababu ujumbe unaelekezwa kwake yeye, mlangoni kwake, na unarudiwa. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya mwaka 1997 ya kuwakinga watu na unyanyasaji inadai kuwepo mwenendo, yaani tukio zaidi ya moja, kabla kosa halijakamilika. Anayeandika kwenye ukurasa wake kwamba mhandisi wa kaunti amejenga daraja bovu hamfuati mhandisi popote. Anaongea na majirani zake kuhusu daraja watakalolipita, na mhandisi anaweza kusoma au asisome.

Kifungu cha 27 kinaubomoa ukuta huo hatua kwa hatua. Maneno yanayoruhusu mawasiliano ya kuzunguka, na yale yanayomtaja yeyote anayefahamika kwa mlalamikaji, yanatosha kuugeuza ujumbe uliosomwa na binamu wa mbunge kuwa mawasiliano na mbunge mwenyewe. Sharti la kurudia halipo, kwa hiyo ujumbe mmoja unatosha. Nia ya kumtesa mtu nayo si lazima ithibitishwe, kwa sababu upande wa mashtaka unaweza kuegemea hoja kwamba mshtakiwa alipaswa kujua. Kisha linakuja lile la kuathiriwa vibaya, ambalo ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa ofisa aliyesimamishwa kazi baada ya wizi wake kufichuliwa ameathiriwa vibaya bila shaka yoyote, na kifungu hakimwulizi aliyemfichua kama alichosema ni kweli.

Maneno haya yana historia, nayo inasaidia kueleza kwa nini yanatenda yanavyotenda. Mwaka 1935 Bunge la Uingereza liliifanyia marekebisho sheria yake ya posta na kuweka kosa la kutuma kwa simu ujumbe wa kuudhi kupita kiasi, mchafu au wa kutisha. Wakati huo simu nyingi ziliunganishwa kwa mkono na wahudumu, wengi wao wanawake, ambao hawakuweza kuchagua sauti ya kuisikiliza, na kuwakinga na matusi ya wapigaji lilikuwa jambo la haki. Maneno hayo yakahamishwa kutoka sheria moja hadi nyingine, yakafika katika kifungu cha 127 cha Sheria ya Mawasiliano ya Uingereza ya mwaka 2003, na yalikuwa yameshavuka bahari, kwa sababu kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1998, kinayarudia karibu neno kwa neno, pamoja na kosa la kutuma ujumbe wa uongo kwa lengo la kumletea mtu kero, usumbufu au wasiwasi usio wa lazima. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Mwaka 1998 Facebook haikuwepo, na simu ya mkononi ilikuwa mali ya wachache. Kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya waya unaowaunganisha watu wawili kilikuja kukuta uwanja ambamo watu milioni wanasikilizana, na hakuna aliyekiandika upya kabla ya polisi kuanza kukitumia.

Kesi ya Geoffrey Andare ndiyo iliyolifunua jambo hili mbele ya mahakama. Mwezi Aprili 2015 alikamatwa na kushtakiwa kwa kifungu cha 29 kwa sababu ya maneno aliyoyaweka Facebook, ambamo alimlaumu mtu mmoja aliyehusika na ufadhili wa masomo kwamba alikuwa akilala na wasichana wadogo wasiojiweza ndipo wapate nafasi ya kusoma, akamwambia kuwa hilo ni baya na ni aibu. Hati ya mashtaka ilisema ametuma ujumbe wa kuudhi kupita kiasi. Itazamwe hati hiyo kwa utulivu. Kama tuhuma ilikuwa ya uongo, aliyetuhumiwa alikuwa na njia ya kufungua kesi ya madai ya kashfa, kudai fidia, na kulisafisha jina lake mbele ya jaji ambaye angeusikiliza ushahidi wa pande zote mbili. Kama ilikuwa ya kweli, basi wa kuchunguzwa na polisi alikuwa mtu mwingine kabisa, na kulikuwa na wasichana waliohitaji msaada wa haraka. Kwa mujibu wa kifungu cha 29, hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa na umuhimu, kwa kuwa mahakama ya jinai ilitakiwa kupima ukubwa wa maudhi tu.

Andare aliipinga sheria yenyewe Mahakama Kuu, na tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakitangaza kifungu hicho kuwa batili. Hoja zake bado ni somo kwa yeyote anayetaka kuielewa mada hii. Alisema maneno kama kuudhi, kero na wasiwasi hayajafafanuliwa popote katika sheria, hivyo raia wa kawaida hawezi kujua mapema lipi ni kosa na lipi si kosa, na maana inabaki mikononi mwa polisi, mwendesha mashtaka na hakimu wa siku hiyo. Alirejelea Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 2010, inayolinda uhuru wa kujieleza na kuitaja mipaka yake, yaani propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki, akarejelea pia Ibara ya 24, inayoidai dola ionyeshe kwamba kizuizi chochote ni cha lazima na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi. Dola haikuonyesha hivyo. Njia nyepesi ilikuwepo, nayo ni sheria ya madai ya kashfa. Mnamo Februari 2017 Jaji John Mativo aliifuata njia hiyo alipoibatilisha kashfa ya jinai katika kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu.

Mtu angedhani kwamba baada ya hukumu mbili kama hizo Bunge lingeandika kwa kalamu nyembamba zaidi. Haikuwa hivyo. Sheria ya mwaka 2018 iliyarudisha maudhi ya kupita kiasi kupitia kifungu cha 27, ikaongeza faini ya juu mara 400 na kifungo mara 40. Chama cha Wanablogu wa Kenya kilikwenda mahakamani, na tarehe 29 Mei 2018, siku moja kabla ya sheria kuanza kutumika, Jaji Chacha Mwita alisimamisha vifungu 26. Usimamishaji huo ulidumu hadi tarehe 20 Februari 2020, ambapo Jaji James Makau aliitupilia mbali kesi hiyo na kuviacha vifungu vyote visimame, nao wanablogu wakakata rufaa. Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho yaliyokipanua kifungu cha 27 zaidi, yakiingiza pia mawasiliano yanayoweza kumfanya mtu ajiue. Wiki moja baadaye, kwa ombi la Reuben Kigame, mwimbaji wa nyimbo za injili na mwanaharakati, na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika la kiraia, Jaji Lawrence Mugambi alisimamisha kwa muda sehemu za kifungu hicho. Katika miaka 10, kwa hiyo, maneno yaleyale kwa kiini yamefutwa, yamerudishwa, yamesimamishwa, yamethibitishwa, yamepanuliwa, na yamesimamishwa tena. Mawakili wa serikali waliolipwa kuyatetea na majaji waliolipwa kuyasikiliza walilipwa na hazina moja.

Gharama hiyo ya mahakamani ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kituo cha polisi, ambayo ningependa kuieleza kwa ukaribu zaidi kwa sababu ndiyo isiyoonekana katika ripoti za sheria. Mtu akilalamikiwa kwa ujumbe aliouandika, kitu cha kwanza kuchukuliwa ni simu yake. Inatiwa ndani ya bahasha, inaandikwa kwenye kitabu, na tangu hapo ni kielelezo. Nchini Kenya laini iliyomo ndani ya simu hiyo ndiyo inayopokea malipo ya M-Pesa ya mwenye duka, ndiyo yenye deni lake na akiba yake, ndiyo inayoitwa na wateja wake. Anaweza kuirudisha laini kwa kadi mpya, lakini namba za watu, picha, hati na mazungumzo ya biashara vinabaki kabatini mpaka kesi iishe, na kesi ya aina hii huahirishwa mara nyingi kwa sababu upande wa mashtaka unasubiri taarifa kutoka kampuni ya simu au mtaalamu wa vifaa. Ili picha ya skrini ikubalike kuwa ushahidi, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Wapelelezi wenye ujuzi wa kazi hiyo ni wachache, na kila saa wanayoitumia kwa malalamiko ya kiongozi aliyetukanwa hawaitumii kwa mlaghai anayewaibia wazee kwa simu.

Halafu kuna siku ya kukamatwa. Katiba, katika Ibara ya 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama iwapo muda huo utaishia nje ya saa za mahakama. Kila mtu nchini anajua maana ya Ijumaa katika hesabu hiyo. Rose Njeri, mtaalamu wa programu aliyetengeneza ukurasa wa kuwawezesha wananchi kuitumia kamati ya Bunge maoni yao juu ya Mswada wa Fedha, alikamatwa Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, na kwa kuwa sikukuu ya Madaraka iliangukia mwisho wa juma hilo, alifikishwa mahakamani Jumanne. Shtaka lake lilitoka katika kifungu kingine cha sheria ileile, kile cha kuingilia mifumo ya kompyuta, na tarehe 20 Juni hakimu aliliondoa. Hakupatikana na hatia yoyote, na usiku aliolala seli haurudishwi na mtu.

Siku chache baada ya Njeri kuachiliwa kwa dhamana, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kufuatia malalamiko ya Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi kuhusu maandishi ya mtandaoni, akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi, na tarehe 8 Juni 2025 akafa akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti uliyakanusha maelezo hayo, na maofisa wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji. Kosa alilotajiwa lilikuwa la kuchapisha habari za uongo, ambalo ni ndugu wa unyanyasaji mtandaoni ndani ya sheria moja. Sisemi kwamba kifungu cha sheria ndicho kilichomuua. Nasema kwamba ujumbe mfupi kwenye skrini ulipogeuzwa kuwa jinai inayoruhusu kukamatwa, kijana ambaye angeandikiwa barua na wakili aliwekwa ndani ya gari la polisi, na yaliyompata baadaye yaliwezekana kwa sababu alikuwa ndani ya gari hilo. Mtetezi yeyote wa upanuzi wa sheria hizi anapaswa kuitia hatari hiyo katika hesabu yake tangu mwanzo, maana kila kosa jipya la jinai ni ruhusa mpya ya kumtia mtu mikononi mwa watu wenye silaha.

Gharama ya tatu ni ukimya, nayo ndiyo ngumu kupimwa kuliko zote, kwa kuwa jambo lisilosemwa haliachi rekodi. Muuguzi anayeona dawa za zahanati zikipakiwa usiku, karani anayejua majina ya wanafunzi hewa katika orodha ya basari, mzazi ambaye binti yake amemweleza jambo kuhusu mwalimu, kila mmoja wao anapima kabla ya kuandika. Zamani alipima kama ataaminiwa. Sasa anapima pia shilingi milioni 20. Hata akiamini kwamba mahakama itamwachilia mwishoni, anajua kwamba kabla ya mwisho huo kuna dhamana, kuna nauli ya kwenda mahakamani kila kesi inapotajwa, kuna mwajiri asiyependa kuona jina lake gazetini. Wengi huamua kunyamaza, na uamuzi huo kwa kila mmoja wao ni wa busara kabisa, ilhali jumla yake ni nchi isiyojua dawa zake zinakokwenda.

Na walengwa wa kweli je? Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko zote. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2018, katika kifungu cha 37, inamhukumu anayesambaza picha za utupu au za faragha za mtu mwingine faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Ziwekwe adhabu hizi mbili ubavu kwa ubavu. Mwanamume aliyezisambaza picha za aliyekuwa mpenzi wake kwa watu elfu, akalivunja jina lake kijijini na kazini, anakabiliwa na ukomo wa faini ulio sehemu moja ya mia ya ule unaomkabili mtu aliyemwathiri vibaya kiongozi kwa maneno. Mwendesha mashtaka mwenye bidii anaweza kumshtaki kwa vifungu vyote viwili, ni kweli, lakini mizani ya Bunge inaonyesha ni maumivu ya nani yaliyokuwa mezani wakati wa kuandika.

Mwanamke huyo akienda kituoni, mara nyingi hukuta dawati la jinsia lenye ofisa mmoja na foleni ndefu. Ataambiwa achapishe picha hizo kwenye karatasi ili ziwekwe katika faili, maana yake ni kuzipeleka katika duka la huduma za kompyuta na kumwonyesha kijana asiyemjua kitu kilekile anachotaka kisionekane. Jambo analolihitaji zaidi si mtuhumiwa kufungwa baada ya miaka miwili. Anataka picha ziondolewe leo, na yule mtu akatazwe kumkaribia na kuendelea. Kifungu cha 27 kwa kweli kina dawa ya namna hiyo, nayo inasifika kidogo mno: mlalamikaji anaweza kuiomba mahakama imwamuru mnyanyasaji kuacha, mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba yake, ombi linaweza kusikilizwa hata nje ya saa za kazi za mahakama, na kampuni ya huduma inaweza kuamriwa itoe taarifa za mteja aliyejificha nyuma ya jina bandia. Kasoro ni kwamba amri hiyo inaombwa dhidi ya mtu aliyeshtakiwa kwa kosa lenyewe. Mwathiriwa hana budi kuusubiri kwanza upelelezi na idhini ya mashtaka, katika mfumo uleule uliojazwa na malalamiko ya wakubwa, ndipo aufikie mlango uliotengenezwa kwa ajili yake. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inatoa amri za ulinzi bila kusubiri mashtaka ya jinai, lakini inahusu walio na uhusiano wa kifamilia au wa kimapenzi, haimsaidii anayeandamwa na mtu asiyemjua.

Majirani wamepitia njia hiyohiyo. Nchini Uganda, Stella Nyanzi, msomi wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliandika Facebook mwaka 2018 shairi kali lililomlenga Rais Yoweri Museveni, akawekwa katika gereza la Luzira tangu Novemba mwaka huo, na Agosti 2019 akatiwa hatiani kwa unyanyasaji mtandaoni na kuhukumiwa miezi 18. Mlalamikaji aliyetajwa kunyanyaswa alikuwa rais wa nchi, mwenye jeshi na walinzi. Februari 2020 Mahakama Kuu iliifuta hukumu hiyo, wakati kifungo kikiwa karibu kuisha, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikakibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya nchi hiyo, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Tanzania nayo, katika kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inadai angalau kuwepo nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia mtu majonzi, jambo ambalo ni afadhali, isipokuwa inaweka kiwango cha chini cha adhabu, faini isiyopungua shilingi milioni 5 za Tanzania au kifungo kisichopungua miaka mitatu, hivyo hakimu anayeona kosa ni dogo hana nafasi ya kupunguza.

Wanaotetea upana wa sheria hizi hujibu kwamba mahakama zitachuja, kwamba asiye na hatia ataachiliwa na mwenye hatia atafungwa. Uingereza, yalikotoka maneno yetu, inatoa jibu la kutazamwa. Mwaka 2010 Paul Chambers alitiwa hatiani kwa kifungu cha 127 baada ya kuandika Twitter, kwa mzaha wa hasira, kwamba angeulipua uwanja wa ndege uliofungwa kwa theluji. Alipoteza kazi. Mahakama Kuu ilimsafisha Julai 2012, baada ya miaka miwili na zaidi, na mwaka uliofuata mkurugenzi wa mashtaka alitoa mwongozo unaodai kiwango cha juu kabla ya kumshtaki mtu kwa maneno ya mtandaoni. Hata hivyo, takwimu zilizochapishwa na gazeti la The Times mwaka 2025 zilionyesha kuwa polisi nchini humo waliwakamata watu 12,183 mwaka 2023 kwa kifungu hicho na kingine kinachofanana nacho, huku waliofikia kuhukumiwa wakiwa sehemu ndogo tu. Baadhi yao walikuwa wanyanyasaji hasa, wa majumbani na wa mitaani, na haki ilikuwa kuwakamata. Ila mfumo wenye fedha nyingi kuliko wetu umeshindwa kuchuja kituoni, na uchujaji unaofanyika baada ya kukamatwa umeshalipiwa na umma na mhusika. India inaonyesha ugumu mwingine: Mahakama ya Juu ilikibatilisha kifungu cha 66A cha Sheria ya Teknolojia ya Habari ya nchi hiyo, kilichoharamisha ujumbe wa kero na usumbufu, mwezi Machi 2015, lakini polisi wa majimbo waliendelea kuwashtaki watu kwa kifungu hicho kilichokwisha kufa, hadi mwaka 2022 mahakama hiyo ilipolazimika kutoa amri kwamba waache. Ofisa wa kituo cha mbali husoma kitabu alichonacho, hasomi hukumu.

Sheria nyembamba inawezekana, na vipande vyake vingi tunavyo tayari. Sehemu ya kwanza ya kifungu cha 27, inayohusu hofu ya kudhuriwa mwili au mali, inaweza kubaki iwapo itaongezewa sharti la nia na sharti la kurudia, na ikaelekezwa kwa mawasiliano yanayomlenga mlalamikaji mwenyewe. Sehemu ya pili na ya tatu, za kuathiriwa vibaya na za maudhi, zifutwe, kwa kuwa wanaoumizwa jina wana kesi ya madai. Suala la kujiua lihitaji uthibitisho kwamba mshtakiwa alikusudia kumsukuma mtu huyo mahususi, bila hivyo daktari wa shule hataweza kuandika kuhusu jambo hilo. Adhabu ya kifungu cha 37 ipandishwe, na amri ya kuondoa picha itolewe siku hiyohiyo. Amri za kukataza zing'olewe kutoka katika kesi ya jinai na kuwekwa katika mahakama ya hakimu kama ombi la madai, ili mwathiriwa aweze kuomba kwa kiapo chake bila kusubiri faili la polisi, na anayeivunja amri hiyo ndiye awe mhalifu, kwa kuwa wakati huo ameshaambiwa na mahakama, kwa jina lake, ni nini asichoruhusiwa kufanya. Na kabla Bunge halijakaa, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kutoa mwongozo wa kurasa chache unaokataza mashtaka yoyote ya kifungu cha 27 ambapo mlalamikaji ni ofisa wa umma na maneno yenyewe yanahusu kazi yake, isipokuwa pana tishio la kweli la kudhuru. Mwongozo huo hauhitaji bajeti wala kura ya mbunge yeyote.